CD za Kwaya Zinazokufa Kabatini: Kuhamisha Nyimbo Bila Kupoteza Sauti wala Majina

Maelezo ya Kitengo cha Mawasiliano mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.



Tumepangiwa kuzungumza baada ya taarifa ya visima na kabla ya chakula cha mchana. Tunafahamu kuwa nafasi hiyo si rafiki kwa msemaji yeyote, hasa msemaji ambaye mada yake ni CD. Wengine mnajiuliza ni nani siku hizi anasikiliza CD. Hilo ndilo lililotuleta mbele yenu.

Tuanze na flashi moja. Katibu wa parokia mojawapo alituletea ikiwa imefungwa vizuri ndani ya bahasha, juu imeandikwa "Nyimbo za Jubilei". Kwaya ya parokia hiyo ilirekodi CD moja tu tangu ianzishwe. Gharama za studio zilitokana na harambee: mwenye fedha alitoa fedha, asiye na fedha alitoa debe la mahindi au kuku. Nakala zote ziliuzwa na kugawiwa, ikabaki moja kabatini. Katibu, kwa nia njema kabisa, aliiingiza kwenye kompyuta ya ofisi, akaona faili 12, akazinakili kwenye flashi, akashangaa jinsi kazi ilivyokwisha kwa sekunde chache. Baada ya hapo CD yenyewe akaiazimisha, na mpaka leo haijarudi.

Tulipofungua flashi tulikuta faili 12 kama alivyosema. Kila moja ilikuwa na baiti 44. Sentensi hii mnayoisikia sasa, ikiandikwa, inazidi baiti 44. Hapakuwa na wimbo hata mmoja.

Kosa hilo si la katibu peke yake. Nasi tuliwahi kulifanya. CD ya muziki haikutengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Ilibuniwa na kampuni za Philips na Sony, ikaanza kuuzwa mwaka 1982, wakati ofisi zetu zilikuwa bado zinatumia taipureta. Ndani yake hamna faili. Kuna sauti inayotiririka kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanzoni kabisa kuna orodha fupi inayosema wimbo wa kwanza unaanzia hapa, wa pili unaanzia pale. Kompyuta yenye Windows huonyesha kila mstari wa orodha hiyo kana kwamba ni faili, iitwayo Track01.cda, na kuendelea. Hicho ni kibao tu. Aliyenakili faili hizo ni sawa na mtu aliyeng'oa kibao cha barabarani kilichoandikwa "Moshi km 80" akakipeleka nyumbani akidhani ameubeba mji. Ili kuipata sauti yenyewe, lazima programu maalumu iisome CD nzima na kutengeneza faili mpya.

Kwa nini ofisi ya maendeleo ijishughulishe na jambo hili? Tumeulizwa hivyo hata na wenzetu wa visima. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inaagiza hazina ya muziki mtakatifu itunzwe kwa uangalifu mkubwa na kwaya ziendelezwe, na inataka muziki wa asili wa watu katika nchi za misioni uthaminiwe na kupewa nafasi yake. Watunzi wetu wa parokiani wamepita katika mlango huo, wakaandika kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila yetu. Nyimbo zao nyingi hazikuwahi kuchapwa katika kitabu chochote. Zipo katika daftari la mwalimu, katika vichwa vya waimbaji, na katika CD. Humo humo kabatini zimo nyimbo na maigizo ya uhamasishaji ambayo ofisi hii iliyarekodi kwa fedha za wafadhili: vyandarua, kuchemsha maji ya kunywa, kupanda miti. Ni kazi mliyoilipia, na mnayo haki ya kuuliza iko wapi.

Iko hatarini. CD iliyochapwa kiwandani ina alama zilizobonyezwa kwenye plastiki. CD zetu nyingi hazikutoka kiwandani. Zilichomwa moja moja kwenye kompyuta ya studio au ya steshenari. Hizo zina tabaka la rangi ambalo mwanga wa leza hulibadilisha wakati wa kuchoma, na rangi hiyo huharibika kwa joto, unyevu na mwanga wa jua. Sasa fikirini kabati la bati lililoegeshwa karibu na dirisha linalopigwa na jua la saa tisa. Tumekuta CD ambazo kwa macho ni nzima, hazina mkwaruzo hata mmoja, na hazisomeki kabisa. Tumekuta pia zilizokwaruzika kama sufuria na zikasomeka zote. Macho hayatoshi kuamua.

Kabla ya kueleza namna tunavyofanya kazi, inatubidi tueleze aibu yetu, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha.

Awamu yetu ya kwanza ya kuhamisha CD ilikwenda kwa kasi. Tulikusanya maboksi mawili, tukamweka kijana mmoja wa kujitolea kwenye kompyuta, naye akahamisha CD baada ya CD. Tulitoa taarifa nzuri yenye jedwali. Nyimbo zote ziligeuzwa kuwa MP3 za ukubwa mdogo ili zisijaze diski, na majina tuliiachia kompyuta. Kisha akafariki mwalimu mmoja wa kwaya ambaye wengi wenu mlimfahamu. Familia ikaja kuomba wimbo mmoja alioutunga na kuuongoza mwenyewe, wapigiwe wakati wa mazishi. CD yao iliibwa pamoja na redio. Tukasema kwa uhakika: wimbo tunao, njooni jioni.

Wimbo tulikuwa nao kweli. Ulikuwa unaitwa Track 07. Tatizo ni kwamba kila CD katika yale maboksi mawili ilikuwa na Track 07 yake, na folda zilikuwa na majina kama "mpya", "mpya 2" na "kwaya mchanganyiko". Tulisikiliza mpaka usiku wa manane. Mazishi yakapita, wanakwaya wakaimba wenyewe, na walifanya vizuri, ila sauti aliyotaka mjane haikusikika. Wiki mbili baadaye mama mmoja wa sauti ya pili alikuja ofisini kwa shughuli nyingine, tukamwomba akae na kusikiliza. Aliutambua kabla mstari wa kwanza haujaisha. Tulipompelekea mjane, alisikiliza, akanyamaza, halafu akasema sauti ni kama ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Tulikuwa tumeibana mno. CD tuliyoitumia tulikuwa tumeirudisha parokiani, na tulipoifuata haikusomeka tena.

Tangu siku hiyo tunafanya kwa utaratibu mwingine, na ni wa polepole.

Jambo la kwanza ni kusoma CD kwa uaminifu. Sauti katika CD imegawanywa katika vipande 75 kwa kila sekunde, na kila kipande kina baiti 2,352. Katika CD ya nyaraka, kati ya hizo baiti 2,352 ni 2,048 tu zinazobeba nyaraka. Nyingi ya zilizobaki ni za ulinzi, za kugundua na kusahihisha makosa. Katika CD ya muziki baiti zote 2,352 zimejaa sauti. Upo ulinzi wa ngazi ya chini, lakini ule wa pili haupo. Kwa hiyo redio yenu ikikuta doa isiloweza kulisahihisha hukisia: inaangalia sauti ya kabla na ya baada, inaziba pengo, nanyi hamsikii kitu. Kwa msikilizaji huo ni wema. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi, redio imemdanganya.

Programu za kawaida za kucheza muziki nazo hukisia hivyo hivyo na kukutengenezea faili bila kukuambia. Sisi tunatumia Exact Audio Copy, iliyoandikwa na Mjerumani Andre Wiethoff, ambayo hufanya kazi kwenye Windows na haiuzwi. Wenye kompyuta za Linux wanayo cdparanoia. Programu hizi husoma mahali pale pale tena na tena mpaka majibu yakubaliane, na zikishindwa zinasema zimeshindwa, katika dakika na sekunde gani. Halafu tunaisoma CD nzima mara ya pili. Kila usomaji hutoa alama ya tarakimu na herufi nane kwa kila wimbo, mfano wa alama ya kidole. Alama mbili zikilingana, tunapumua. Zisipolingana, wimbo huo hatuupokei.

Kwa CD za kiwandani kuna msaada zaidi. Mfumo uitwao AccurateRip hulinganisha alama yako na alama za watu wengine duniani waliosoma CD hiyo hiyo. Lakini CD ya kwaya iliyochomwa nakala 200 hakuna mwingine aliyeiingiza humo, basi kulinganisha ni juu yetu wenyewe. Tumejifunza pia kuwa na draivu mbili za CD za aina tofauti, kwa kuwa CD inayokataa katika moja mara nyingi hukubali katika nyingine. Mafundi wetu wa parokiani wazingatie jambo moja hapa: kila draivu huanza kusoma mapema au kuchelewa kwa kiasi kidogo mno, kisichosikika kwa sikio. Kiasi hicho hurekebishwa mara moja tu katika programu, kwa kuingiza CD ya kiwandani inayojulikana. Msiporekebisha, draivu mbili zitatoa alama tofauti hata kama sauti ni nzima, nanyi mtalaumu CD bure.

Usafi: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzunguka. Msipake dawa ya meno kabla hatujaiona. Na muwe waangalifu zaidi na upande wa juu, ule wenye maandishi. Watu hudhani upande unaong'aa ndio dhaifu, kumbe tabaka lenye sauti liko karibu kabisa na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba. Karatasi ya gundi iliyobandikwa juu, mkiibandua, inaweza kuondoka na wimbo. Iacheni.

CD nzuri ya saa moja hutuchukua kama nusu saa kuisoma mara mbili. Mbaya inaweza kumaliza mchana mzima. Tunayo moja yenye nyimbo 11. Draivu ya kwanza ilisoma tisa, ya pili ikapata wa kumi, na wa kumi na moja ulibaki na doa la sekunde mbili lisilosomeka popote. Tuliuhifadhi, na katika taarifa za wimbo tukaandika doa liko wapi. Kuna mwenzetu aliyependekeza tulizibe kwa kipande cha ubeti wa mwanzo kwa kuwa kiitikio ni kile kile. Tulikataa. Atakayekuja baada yetu ajue kilichorekodiwa na kilichopotea.

Jambo la pili ni aina ya faili, na hapa tutapita haraka. Sauti ya CD, kabla ya kubanwa, huchukua takribani megabaiti 10 na nusu kwa dakika, yaani megabaiti 635 kwa saa. MP3 hupunguza kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitazikosa sana. Ile ya kilobiti 128 kwa sekunde hubakiza kama sehemu moja kati ya 11. Kilichotupwa hakirudi. Kuigeuza MP3 kuwa faili kubwa ni kama kuchemsha maziwa yaliyokwisha kutiwa maji: yatapata moto, hayatapata mafuta. FLAC hufanya vingine. Hubana bila kutupa chochote, kama kukunja shuka vizuri, na ukiikunjua unapata kila baiti iliyokuwa kwenye CD. Faili huwa takribani nusu hadi theluthi mbili ya ukubwa wa awali. Ilianzishwa na Josh Coalson, toleo lake kamili la kwanza likatoka mwaka 2001, haina ada kwa anayeitumia, na Desemba 2024 ilichapishwa rasmi miongoni mwa viwango vya intaneti. Kwa hiyo hatutegemei kampuni moja ambayo kesho itafunga mlango.

MP3 hatujaipiga marufuku. Tunazitengeneza kutokana na FLAC kwa ajili ya simu, redio na mazoezi ya kwaya. FLAC ni mbegu ya akiba, MP3 ni unga wa kula, na sisi katika awamu ya kwanza tulisaga mbegu.

Jambo la tatu ni majina, na ndiko kwenye kazi kubwa.

CD ya muziki kwa kawaida haibebi majina ya nyimbo. Mwaka 1996 uliwekwa utaratibu wa kuyaweka, lakini katika maboksi yetu hatujakuta CD ya kwaya iliyoutumia. Programu hupima urefu wa nyimbo na mahali zinapoanzia, kisha huuliza hazina za intaneti kama kuna CD yenye vipimo hivyo. Hazina moja mashuhuri, freedb, ilifungwa mwaka 2020. MusicBrainz ipo na ni nzuri. Lakini hazina hujibu kutokana na ilichopewa. Nyimbo zetu za Kwaresima, katika awamu ya kwanza, zilirudi na majina ya nyimbo za bendi moja ya dansi ya Ulaya, kwa sababu tu namba zilifanana. Tulicheka sana. Baadaye tukaacha kucheka, tulipogundua kwamba CD nyingine tatu zilikuwa zimebandikwa majina ya namna hiyo na hakuna aliyeona.

Siku hizi tunaanza na karatasi. Kabla CD haijaingia kwenye kompyuta, fomu moja hujazwa kwa kalamu: jina la kwaya, parokia, mwaka wa kurekodi, mahali, mwalimu, mpiga kinanda, halafu kila wimbo kwa namba yake, mtunzi wake, mwimbaji kiongozi na lugha. Jalada lolote lililobaki tunalipiga picha, hata kama limeliwa na mende. Ndipo tunaziandika taarifa hizo ndani ya faili zenyewe kwa programu kama Mp3tag, ili zisafiri pamoja na wimbo popote uendako. Jina la folda peke yake halitoshi, kwani faili ikitolewa humo inakuwa yatima.

Mtashangaa ni wapi kazi hukwama. Hukwama kwa Mtakatifu Sesilia. Yeye ni msimamizi wa wanamuziki, na kila dekania ina kwaya yake zaidi ya moja. Kwenye majalada tumemkuta kama Mt. Sesilia, Mtakatifu Sesilia, St. Cecilia, Mt. Cecilia na Sisilia. Kwa binadamu huyo ni mtakatifu mmoja. Kwa kompyuta ni watano, na kwaya moja inagawanyika katika mafungu matano ambayo hayaonani. Tumekubaliana: Kwaya ya Mt. Sesilia, halafu mkato, halafu jina la parokia. Daima. Namba za nyimbo ziandikwe 01, 02, 03, vinginevyo wimbo wa kumi huruka na kukaa nyuma ya wa kwanza. Mwaka uwe wa kurekodi, usiwe wa kuhamisha. Nakala yetu moja ilidai kwamba mzee aliyefariki 2004 aliimba mwaka 2016.

Mwaka wenyewe nao hupatikana kwa shida, maana majalada mengi hayana tarehe. Hapa ndipo tunapowahitaji wazee. Tunawaita waimbaji wa zamani, tunaandaa chai na maandazi, tunawasha spika na kusikiliza pamoja. Hawakumbuki tarakimu. Wanakumbuka kwamba walikwenda studio barabara ikiwa imekatika kwa mvua za El Niño, nasi tunaandika 1997 hadi 1998. Wanakumbuka kwamba walirudi wakakuta taifa linaomboleza kifo cha Mwalimu Nyerere, nasi tunaandika Oktoba 1999. Mama mmoja alijua mwaka kwa sababu anayesikika akilia kwa mbali katika wimbo wa nne ni mtoto wake, aliyekuwa mgongoni. Mtoto huyo sasa ni fundi umeme. Kilio chake hatukukifuta.

Suala la mtunzi linataka busara zaidi. Ziko nyimbo ambazo parokia mbili zinadai ni zao. Zipo zilizoandikwa "wimbo wa asili" wakati mtunzi yu hai na anaishi jirani na kanisa. Zipo zilizopewa jina la mwalimu aliyezifundisha badala ya aliyezitunga. Pale ambapo hatujathibitisha tunaacha nafasi wazi, na katika maelezo tunaandika nani amedai nini. Baadhi ya walimu wamechukizwa na nafasi hizo wazi, na tunawaelewa. Lakini jina likishaingia kwenye faili na faili ikasambaa katika simu za watu, kulirudisha ni kazi ngumu kuliko kusubiri. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawapa haki mtunzi na mwimbaji pia; kuhifadhi kwetu hakuzihamishi haki hizo. Kila kwaya inasaini karatasi inayosema tunahifadhi, hatuuzi, na hatumpi mtu wa nje bila idhini yake.

Kuhusu utunzaji, nakala ni tatu: diski moja ofisini, nyingine parokiani au kwa masista, ya tatu nje ya mji huu kabisa. Diski hufa kama CD zinavyokufa, tena bila kuaga. Uzuri wa FLAC ni kwamba kila faili hubeba ndani yake alama ya sauti yake, na programu inaweza kuipima faili na kusema kama imeharibika. Tunapima zote mara moja kwa mwaka. Mwaka jana faili chache zilifeli katika diski moja, tukazirejesha kutoka ya pili siku hiyo hiyo.

Sasa kwenu wafadhili. Jana jioni mgeni wetu mmoja ametuuliza kwa nini tusiziweke nyimbo zote YouTube, ambako ni bure. Baadhi ya kwaya zinafanya hivyo na zinasikilizwa sana, tunafurahi. Lakini sauti inayowekwa huko hubanwa upya, na tumeshuhudia kwaya iliyopoteza nenosiri pamoja na kijana aliyekuwa analijua, aliyehamia mkoa mwingine. Mgeni mwingine amependekeza watu wa kujitolea wa nchini kwake watusaidie kuandika majina. Tunamshukuru kwa moyo. Wataweza kupima alama na kutunza nakala ya tatu, na tutawaomba hilo. Majina hawataweza, kwa kuwa anayeijua sauti ya yule mwalimu kabla mstari haujaisha ni yule mama wa sauti ya pili, naye anakaa mwendo wa saa tatu kwa basi.

Ndiyo maana katika bajeti tuliyowagawia, fungu kubwa ni nauli na chai. Mashine ni fungu dogo: draivu mbili za kuchomeka kwa USB, kwa kuwa kompyuta mpakato mpya nyingi hazina mahali pa kuingizia CD, diski tatu, na kifaa cha kukinga kompyuta umeme unapokatika. Mtu akituambia nauli si maendeleo, tutakaa naye tumsikilizishe Track 07.

Kwa kamati za parokia: kuanzia mwezi ujao tutapokea CD kila Jumatano na Alhamisi. Leteni CD yenyewe, si flashi. Leteni jalada hata kama limechanika. Msiioshe, msiibandue karatasi, msiikunje ndani ya gazeti. Iwekeni kwenye kasha gumu na msiiache kwenye kiti cha gari juani. Zaidi ya yote, njooni na mtu mmoja aliyeimba humo. Parokia ambazo waimbaji wake wa kwanza wamekwisha kuzeeka zitatangulizwa, hata kama CD zao zinaonekana nzima.

Na tunalo tangazo moja dogo. Ile CD ya jubilei, ambayo kwenye flashi yake tulikuta baiti 44, bado tunaitafuta. Ina jalada la bluu lenye picha ya kanisa kabla halijaongezwa mnara. Kama kuna mtu humu ndani aliyeiazima, au anayemjua aliyeiazima, atuone wakati wa chakula. Hatutamuuliza ilikaa wapi.